Mama Flaviana, Uliyejitwika Godoro Kwenda Msibani Marlesby

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotutoka huku umenishika kidole gumba, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa na wewe ndiye muuguzi wa zamu.

Ninayekuandikia ni mimi, Natalia, mwanao wa kwanza. Naandika kwa niaba ya Baba, ya mdogo wangu Samson na mkewe Kagendo, na ya mjukuu wako Koku. Wengine watakaosoma watuwie radhi, maneno haya ni yako. Lakini wakae tu wasikie, kwa kuwa wewe hukuwahi kuipenda nyumba isiyo na watu.

Tuna habari ya kukupa, nayo ni kubwa. Ila ulitufundisha kwamba habari kubwa haitolewi mlangoni. Mgeni huketi kwanza, akapewa chai, akaulizwa za huko atokako. Kwa hiyo tulia, tukumbuke kidogo.

Unajua tulivyokuacha. Mwaka mzima matanga yako hayakuondolewa. Kwetu Kamachumu mwenye kuondoa matanga ya mke ni mumewe, na Baba alikataa. Siku ya maziko alisimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya mlango, mpaka udongo ukamalizika, na hakusogea hata hatua. Tangu hapo hakukanyaga kaburini kwako. Kila nilipoendesha kuelekea upande ule, alitazama mbele na kusema, "Natalia, pita njia nyingine." Nami nilipita njia nyingine.

Hatukumlaumu. Mhaya huzikwa kibanjani pake, kwenye migomba, karibu na mlango wa nyumba yake. Wewe uliomba tukuzike hapa hapa Pearland, na tukakutii. Baba mkubwa Rwegasira alipiga simu kutoka Bukoba akasema, "Sospeter, umemtupa mke wako kwa Wamarekani." Baba akanipa mimi simu, akaenda kulala. Ilikuwa saa tisa mchana.

Hofu yetu tuliijua wote, ingawa hakuna aliyeitamka. Tulihofu kwamba Baba atarudi Kamachumu akazikwe kule peke yake, na wewe utabaki Texas peke yako, na sisi tutakuwa na msiba usiokwisha katikati ya bahari. Hilo ndilo lililokuwa linatunyima usingizi.

Sasa tuanzie Marlesby, maana ndiko yote yalikoanzia.

Koku akiuliza Marlesby ni wapi, tunamwambia ni mji mdogo wa Uingereza, upande wa Lincolnshire, wenye kanisa moja lenye mnara, duka moja la mikate, duka moja la chipsi, na kiwanda cha kugandisha njegere ambako Babu yake alikuwa fundi mitambo. Ardhi ya kule ni tambarare mno. Mimi na Samson tuliamini kwamba mbingu ya Marlesby ilikuwa kubwa kuliko ya Bukoba, na kwamba Mungu alikuwa anatuona bila kujitahidi.

Siku ya kwanza theluji ilipoanguka ulitutoa nje na nguo zetu za kulalia. Hukuturuhusu kuigusa. Ulisema tusali kwanza ndipo tucheze, kwa sababu kitu cheupe kiasi kile hakiwezi kuwa kimemwagwa ovyo. Tukasali Baba Yetu, meno yakigongana. Hadi leo, mimi nikiona theluji kwenye televisheni, midomo inaanza yenyewe.

Tulikuwa Waafrika peke yetu mji mzima. Watu hawakuwa wabaya, ila waliishi nyuma ya mapazia. Wewe ulikuwa unafanya kazi makao ya wazee, unawaogesha na kuwachana nywele, na ukitoka huko ulimsalimia kila uliyekutana naye njiani, mmoja mmoja, kwa Kiingereza chako cha kupima. Mwanzoni walitazama nyuma kuona unasema na nani. Baada ya miezi kadhaa kulikuwa na mzee mmoja mwenye mbwa aliyekuwa anavuka barabara makusudi ili asalimiwe.

Kitu kimoja tu ulikiogopa kule, nacho ni makaburi. Njia ya kwenda duka la mikate ilipita katikati ya uwanja wa kanisa, makaburi huku na makaburi huku, na watu walikaa kwenye mabenchi pale pale wakila mikate yao. Wewe ulizunguka kwa duka la chipsi, hata mvua ikinyesha. Ulisema, "Wafu wa watu nisiowajua, niwapite natafuna?"

Kisha akafa Mzee Pell, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yule aliyekuwa akitupa maharage mabichi juu ya uzio bila kusema neno. Ulitazama dirishani siku nzima. Ulisubiri watu waje. Hakuna aliyekuja. Mapazia ya Bibi Pell yalifungwa, na kila baada ya muda mtu alipita kwa haraka, akatumbukiza kadi mlangoni kwake, akaondoka.

"Kadi zinapika?" ulimuuliza Baba. "Kadi zinadeki nyumba?"

Baba akasema, "Flaviana, hawa watu wanaomboleza peke yao. Ndivyo walivyoumbwa."

Ukamjibu, "Hakuna aliyeumbwa hivyo. Hawajapata tu wa kuwalalia matanga."

Baba alipotoka kwenda zamu, ulivuta godoro kutoka kitanda changu, ukalikunja, ukalifunga kamba, ukajitwika. Mimi ulinipa sufuria ya viazi na maharage. Samson alibeba mto. Tungeweza kupitia uani, ni hatua chache tu, lakini wewe ulisema msibani hakuingiwi kwa mlango wa nyuma kama wezi. Tukatoka barabarani, tukaenda hadi getini kwa Bibi Pell, na mtaa wote ukasimama. Mama wa duka la mikate, aliyeishi ng'ambo ya barabara, alitoka nje na unga mikononi. Nilikuwa na umri wa kuanza kuona aibu, na aibu niliiona yote, lakini nilipokutazama shingo yako chini ya lile godoro, ilivyonyooka, nilijiambia kwamba mtu anayetembea vile lazima anajua anakokwenda.

Bibi Pell alifungua mlango. Uso wake ulikuwa mkavu. Wako ulikuwa umeshalowa.

Ukamwambia, "Tumekuja kulala kwako."

Alitazama godoro. Akatutazama sisi watoto. Akatazama machozi yako. Kisha akatuvuta ndani mmoja mmoja na kufunga mlango kwa komeo.

Mwanamke yule, Mama, aliyekuwa amefiwa juzi yake, alidhani Baba ametufukuza nyumbani.

Akakukalisha kwenye kiti cha marehemu. Akakuwekea mpira wa maji ya moto mapajani. Sisi akatupa maziwa na biskuti. Wewe ulishangaa sana: mfiwa gani huyu anayewahudumia waombolezaji? Ukaenda kumnyang'anya birika. Naye akalinyakua tena. Mkawa mnavutana birika katikati ya jiko, yeye anakwambia pole na wewe unamwambia pole, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa moyo wote, na hakuna aliyejua mwenzake analia nini.

Jioni Baba akatoka kazini, akakuta nyumba tupu na kitanda changu hakina godoro. Alikuja kugonga akiwa na ovaroli inayonuka njegere. Bibi Pell akafungua kwa upana wa mnyororo tu.

"Hawatoki humu, Bwana Kamugisha," alisema. "Nenda zako kabla sijaleta beleshi."

Baba yetu, mtu ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alisimama chini ya dirisha akakuita kwa Kihaya, akuulize umemwambia nini huyu mama. Nakumbuka ulivyocheka. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukamkalisha Bibi Pell kwenye kile kiti cha mumewe, ukamweleza polepole, kwa maneno machache uliyokuwa nayo: kwetu mtu akifiwa majirani wanahamia. Hatuji kusema pole na kuondoka. Tunalala chini, tunapika, tunaamka naye, mpaka aizoee nyumba ilivyo sasa.

Akauliza, "Mpaka lini?"

Ukamwambia, "Mpaka utuchoke."

Alianza kucheka. Na kicheko kile, mbele ya macho yetu, kikageuka kilio. Ndicho kilio chake cha kwanza tangu mumewe alale. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nawe ukaingia. Uliingia kwa sauti ya Kamachumu, sauti ya migombani, sahani zikalia kabatini, mimi na Samson tukajificha chini ya meza. Nyumba zote za Marlesby zilikuwa na kuta nyembamba. Muda si muda mtu akagonga, alikuwa mama wa duka la mikate na mikate miwili kwapani. Baadaye akaja mzee wa mbwa, na mbwa. Hawakujua wafanye nini, ukawapa viazi wamenye. Baba naye akafunguliwa mlango, akaombwa radhi, akalala chini na koti lake kama sisi wengine.

Nimeona mengi tangu siku ile. Nafanya kazi kwenye hospitali ambako watu wanabadilishiwa mioyo, na nimeshauona kwa macho yangu moyo uliosimama ukianza kupiga tena. Bado sijaona jambo lililonipa mshangao kama mji ule wa mapazia ukimenya viazi kwenye jiko la mfiwa kwa sababu mwanamke mmoja wa Bukoba hakujua kwamba haifanywi hivyo.

Baada ya maziko, Bibi Pell alikushika mkono akakupitisha njia ya makaburini. Alikuonyesha mumewe alipo, mkasimama kidogo, mkaendelea hadi duka la mikate, mkarudi. Tangu hapo hukuzunguka tena. Kila asubuhi ulimpitia Mzee Pell, ukampa habari za mkewe, ukaenda kununua mkate. Uliniambia, "Natalia, hawa watu wana akili. Wamewaweka wafu wao njiani kwenda dukani."

Sikujua siku ile kwamba ulikuwa umeshachagua.

Kiwanda kilipofungwa, binamu yake Baba alituita Houston. Ulianza upya Stafford, kitongoji cha huko, kwenye makao mengine ya wazee, ukasoma usiku na mchana hadi ukavaa sare ya muuguzi katika umri ambao wenzako wanazungumzia pensheni. Rukaya, mliyekuwa zamu moja, anasema uliwaimbia wagonjwa Kihaya, na kwamba kulikuwa na bibi mmoja Mmeksiko aliyekuwa hali chakula mpaka uimbe. Habari ya kifo cha Bibi Pell ilipotufikia, ulishusha godoro, ukalala sebuleni chini, Pearland, kumlilia mtu wa Marlesby. Baba alilala kwenye kochi juu yako. Hakukuacha sebuleni peke yako.

Na godoro lako liliendelea na kazi. Uliwahi kusikia kanisani kwamba kuna familia ya Wakenya Dallas imefiwa na baba, na hawana ndugu karibu. Hukuwajua. Ulimwamuru Samson afunge godoro juu ya gari, mkaenda. Kagendo anapenda kuisimulia mwenyewe. "Mimi nilifungua mlango nikaona mama na mattress," anasema. "Nikamwambia, 'Mum, hii delivery si yetu, jaribu next door.' Akaniambia, 'Mwanangu, nimefika.' Akapita tu hivi." Alipoinua macho akamwona na Samson nyuma yako, ameshika mto. Hadithi iliyobaki ni Koku.

Ulipougua, ulitwambia mara moja tu, hukurudia. "Mnizike hapa. Kamachumu nani atanipitia? Watoto wenu wako hapa."

Baba alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Akasema, "Flaviana, hapa hakuna anayempitia mtu. Hapa watu wanapita kwa gari."

Ulifumba macho. Pengine ulikuwa umechoka, pengine ulijua anasema kweli. Uliishi Pearland miaka mingi ukitembea kwa miguu na mwavuli wako, na unakumbuka majirani walivyokuwa wanasimamisha magari kukuuliza kama gari lako limekuharibikia. Huku maziwa ni kwa gari, kanisa ni kwa gari, hata barua inaletwa na mtu aliyeketi. Hoja ya Baba ilikuwa hiyo moja, na hakuna kati yetu aliyeweza kuijibu. Alituachia tukuzike ulikotaka kwa sababu katika ndoa yenu hajawahi kukushinda. Lakini miguu yake ilikataa.

Haya, Mama. Chai imekwisha. Sasa sikia habari.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na misa yako ya mwaka. Kanisa lilijaa. Walitoka Houston, Stafford, wengine waliamka alfajiri Dallas. Rukaya alikuja, akakaa benchi la nyuma na baibui lake, akatulia mpaka mwisho. Kwaya iliimba vizuri, sitakudanganya, isipokuwa besi walichelewa kama kawaida yao.

Misa ilipokwisha, watu wakaelekea kwenye magari ili waje kwako. Mimi nikamfungulia Baba mlango nimrudishe nyumbani, ndivyo tulivyokubaliana. Hakuingia. Alisimama akatazama barabara.

"Kaburini ni upande gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwa mkono. Akavaa kofia yake, akaanza kutembea.

Kagendo ndiye aliyemkimbilia, na viatu vyake vya kisigino. "Mzee, utagongwa. Hii ni feeder ya kuingilia highway, hakuna hata mahali pa kukanyaga. Wacha Samson aku-drop, ni five minutes tu."

"Mke wangu hapitiwi kwa gari kama duka la maziwa," Baba alisema.

"Baba, ni mbali," Samson akasema.

"Basi wewe baki."

Samson alitazama funguo mkononi mwake. Akafunga gari, akamfuata. Nami nikamfuata Samson. Nilipogeuka, watu wote walikuwa wanatufuata. Hakuna aliyetangaza lolote. Wanawake walivua viatu wakavishika mkononi, Rukaya akakunja baibui hadi vifundoni, padri akaja na kanzu yake ya misa. Tulitembea kwenye nyasi kando ya barabara, penye vipande vya tairi na chupa, mtaro upande mmoja na malori upande wa pili, watu wazima, manesi na mainjinia na madereva, msururu mzima, nyuma ya mzee mmoja mwenye kofia. Magari yalitupigia honi. Mtu mmoja alishusha kioo akatuuliza kama tunaandamana.

Kisha polisi akasimama mbele yetu. Kijana. Alishuka akaja, na aliyekuwa karibu naye alikuwa Koku.

"You folks all right?" akamuuliza.

"We're walking to my grandma's, sir."

"Where's she live, sweetheart?"

Koku akanyoosha kidole kwenye geti la makaburi, kule mbele, zilipo bendera.

Yule kijana alitazama geti. Akatutazama tulivyovaa. Akamtazama Baba, ambaye hata hakusimama. Hakuuliza kingine. Alirudi kwenye gari lake, akaliweka nyuma yetu, akawasha taa bila king'ora, akaanza kutufuata mwendo wa miguu.

Hapo ndipo yalipotokea ninayotaka kukueleza, na sijui kama nitaweza.

Gari la kwanza kusimama lilikuwa pikapu iliyovuta mashua. Ilitoka barabarani, ikaegesha, ikazima injini. Kisha la nyuma yake. Kisha lori. Kisha upande wa pili wa barabara, ambako hatukuwa tunamzuia mtu, nao wakaanza kutoka pembeni mmoja baada ya mwingine. Unawajua watu wa Texas, wakiona msafara wa mazishi wanasimama. Walituona na nguo zetu za kanisani, na taa za polisi, na padri, wakadhani tunazika. Mwanamume mmoja alishuka akaweka kofia kifuani. Mwanamke mmoja kwenye lori aliinamisha kichwa juu ya usukani. Barabara ile mimi naipita kila siku na sijawahi kuisikia ikinyamaza. Ilinyamaza. Nilisikia nyayo zetu kwenye nyasi. Nilisikia rozari ya mtu ikigongana.

"Dada," Samson alinong'ona. "Hii barabara naiendesha kila wiki." Hakumaliza. Anaendesha malori makubwa, ana shingo nene, na alikuwa analia waziwazi.

Hatukuwa tumewaomba, Mama. Hawakukujua jina. Walikuwa na safari zao, na vyakula vya moto kwenye viti vyao, na watoto wa kuwahi, na walisimama kwa ajili yako mpaka wa mwisho wetu akapita.

Baba hakutazama kulia wala kushoto. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona mgongo wake ulivyoanza kunyooka. Siku ya maziko yako alisimama kando ya gari. Jumamosi alikuwa anamzika mkewe.

Getini polisi alizima taa akabaki nje. Baba hakujua ulipo. Akaenda jiwe kwa jiwe akisoma, akishika kofia, na hakuna aliyethubutu kumwonyesha. Alikuona. Akasoma jina lako lote kwa sauti, Flaviana Kokugonza Kamugisha. Maua tuliyopanda yaliungua na kiangazi, na Kagendo akaanza kujitetea kuhusu maua.

Kwetu goti ni la mwanamke. Miaka yote ya ndoa yenu ulimpigia Baba goti ukimpa chakula, hata Pearland, na magoti yako mabovu, sisi tukikutania kwamba utahitaji winchi. Jumamosi Baba alipiga goti. Aliteremsha moja, akatulia, akateremsha la pili. Samson alisogea amshike, akausukuma mkono wake. Akakupa salamu ile ya Kihaya ambayo mdogo humpa mkubwa, yote, hakuikatisha. Sijawahi kumsikia akimpa mtu yeyote salamu hiyo tangu mama yake afariki.

Halafu akasema kwa Kiswahili, wote tusikie:

"Flaviana, nimekuta watu wengi wanakupitia."

Kisha, bila kugeuka, akasema matanga yameondoka, twende tukale, yeye yupo yupo kidogo. Tukaondoka. Samson alibaki getini kumsubiri. Anasema Baba alizungumza nawe mpaka jua likageuka, na mara mbili alimsikia akicheka.

Jioni alimpigia Baba mkubwa Rwegasira yeye mwenyewe. Hakumpa nafasi ya kuanza. "Kaka," alisema, "mimi nami nitalala hapa. Nafasi ipo ubavuni pake." Akakata simu, akaomba ugali.

Ndiyo habari tuliyokuwa nayo, Mama. Pumzika sasa.

Unakumbukwa na mumeo Sospeter Kamugisha, wanao Natalia na Samson, mkweo Kagendo, mjukuu wako Koku, ambaye anawaambia wenzake shuleni kwamba bibi yake alisimamisha barabara, shemeji yako Rwegasira na ukoo wote wa Kamachumu, rafiki yako Rukaya na wenzako wa Stafford, jumuiya za Houston na Dallas, na wale wa Marlesby walio hai na waliolala.

Tunakupitia Jumapili, na daima. Tunakuja kwa miguu.